Football Manager 2024 mezani Dodoma: dau, mshahara na kikosi

Football Manager 2024 ni mchezo wa kompyuta ambao mpira hupigi wewe. Kampuni ya Sports Interactive ya Uingereza iliutoa tarehe 6 Novemba 2023, na kazi yake yote ni kukukabidhi klabu pamoja na lawama zake: unasajili, unajadiliana na mawakala, unapanga kikosi, unawapa mkono wa kwaheri usiowahitaji, kisha unakaa kwenye benchi la ufundi kuona kama hesabu zako zimekubali. Ninautathmini huu ilhali lipo toleo jipya zaidi, kwa kuwa toleo la 2025 lilifutwa Februari mwaka huo kabla halijafika sokoni, na lile la 2026, lililotoka Novemba 2025, lilipokewa kwa malalamiko mengi kuhusu mpangilio mpya wa kurasa zake. Hili la 2024 ndilo linalokubali kufanya kazi kwenye kompyuta mpakato za kawaida ambazo wengi wetu tunazo.

Niseme mapema ninavyouona. Kwa shabiki anayebishana kila jioni kuhusu nani alipwe kiasi gani, sijaona kitu kinachoeleza jambo hilo kwa uwazi zaidi. Hata hivyo mchezo huu umejengwa juu ya dhana moja ambayo waliouandika hawakuona haja ya kuitamka, kwamba mshahara ulioandikwa kwenye mkataba utalipwa siku yake, na mtu aliyezoea soka la kwetu atafika mahali ambapo dhana hiyo inamwacha peke yake.

Ligi Kuu ya Tanzania haimo. Kwa Afrika nzima, ligi ambayo mchezo unakuruhusu kuicheza bila kuongeza kitu chochote ni ya Afrika Kusini tu. Wapo mashabiki wanaotengeneza mafaili ya ziada kwa kutumia programu ya kuhariri inayokuja pamoja na mchezo, na mengine huingiza ligi yetu, Dodoma Jiji ikiwemo. Lakini mishahara iliyomo ni ya kukisia, na mjadala wa mishahara unaotegemea namba za kukisia tunao wa kutosha vijiweni. Kwa hiyo nimeipima kazi hii kwa klabu ya Richards Bay, timu ndogo ya pwani ya KwaZulu-Natal iliyopanda ligi kuu ya huko mwaka 2022, ambayo kwa ukubwa na mfuko wake inafanana na klabu zetu za katikati ya msimamo kuliko timu yoyote ya Ulaya.

Kitu cha kwanza kinachostahili sifa ni ukurasa wa bajeti. Kuna mstari mmoja wenye kitufe cha kusogeza: ukikivuta upande huu, fedha za kununua wachezaji zinaongezeka na za mishahara zinapungua, ukikirudisha upande ule, inakuwa kinyume chake. Mstari huo mmoja unajibu hoja ambayo nimeisikia mara nyingi karibu na Uwanja wa Jamhuri, kwamba viongozi wakipata mdhamini wa kulipa dau la mshambuliaji basi kazi imekwisha. Dau hulipwa mara moja, au kwa awamu chache. Mshahara unarudi kila mwisho wa mwezi, mchezaji akifunga au akiwa na nyama imechanika, na unaendelea kurudi hata baada ya kocha aliyemtaka kufukuzwa. Ukimsajili mchezaji huru kwa furaha kwamba hujalipa klabu yoyote, mstari unakuonyesha papo hapo kwamba umefunga mlango kwa mabeki wawili wa miaka miwili ijayo.

Mambo hayo hayawasumbui wanyonge peke yao. Agosti 2021 Lionel Messi aliondoka Barcelona wakati yeye na klabu walikuwa wamekwisha kukubaliana. Kilichozuia ni kikomo cha matumizi kilichowekwa na La Liga, ligi kuu ya Hispania, ambacho mishahara ya Barcelona ilikuwa imekipita, hata asiweze kuandikishwa. Mchezo una vikwazo vya namna hiyo kwa ligi zinazovitumia, na kwa Afrika Kusini unasimamia pia kanuni ya wageni wasiozidi watano. Ukizoea kanuni zetu, ambazo zimeruhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wageni hadi 12, watano ni wachache mno, na hapo ndipo unapoanza kumtazama kijana mzawa kwa jicho la hesabu: kila nafasi ya mgeni ina bei yake, na mgeni wa kukaa benchi ni anasa.

Ukurasa wa mazungumzo ya mkataba ndio kiini cha kazi yote. Chukua beki wa kushoto niliyemhitaji kabla ya dirisha kubwa la usajili kufungwa. Wakala wake anakuja na orodha: mshahara wa mwezi, fedha ya kusaini, posho ya kila mechi anayocheza, bonasi ya kutofungwa bao, posho ya kuwa mchezaji wa akiba hata asipoingia uwanjani, ongezeko la mshahara kila mwaka, kipengele cha kuuzwa klabu ikishuka daraja, na ada ya wakala mwenyewe, ambayo haoni haya kuiweka juu. Kando ya kila kipengele kuna alama ya kufuli. Ukiifunga, unamwambia wakala kwamba hapo hapajadiliwi, naye anaweza kukubali na kudai fidia kwenye kipengele kingine, au uvumilivu wake ukapungua hadi anyanyuke na kuondoka, na dirisha likakufungia ukiwa huna beki. Juu ya hayo yote kuna ahadi ya nafasi: je, atakuwa mchezaji wa kutegemewa, wa kupokezana, au wa akiba? Ahadi hiyo ina thamani ya fedha. Beki yule alikubali mshahara mdogo kuliko aliotaka kwa sharti la kuhesabiwa wa kikosi cha kwanza, na alipokosa mechi kadhaa mfululizo alibisha hodi ofisini kunikumbusha.

Nimekitaja kisa hicho kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho mijadala yetu hukiruka. Tunapozungumzia mshahara wa mchezaji tunataja namba moja, wakati mkataba wa kweli ni kifurushi. Mchezaji mwenye mshahara mdogo na posho kubwa ya mechi anaweza kuigharimu klabu zaidi ya mwenzake aliyetangazwa magazetini kwa namba ya kutisha, ilimradi kocha ampange kila wiki.

Ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo mchezo unazidi kuwa mkali. Nilipoichukua klabu, nilimkuta kipa mkongwe ambaye mkataba wake, uliosainiwa na utawala uliotangulia, ulikuwa na kipengele cha kumpandisha hadi alingane na yeyote atakayelipwa zaidi klabuni. Kipengele kama hicho kinakaa kimya mpaka siku unayomleta mshambuliaji. Mshambuliaji alitaka mara mbili ya alichokuwa akilipwa kipa. Nikimpa, nilikuwa nimeongeza mishahara miwili mikubwa kwa usajili mmoja, na nahodha, ambaye hakuwa na kipengele chochote isipokuwa heshima ya miaka mingi, angekuja siku inayofuata kuuliza yeye amekosa nini. Nilimwacha mshambuliaji aende, nikachukua vijana wawili kwa mkopo. Mashabiki wa kwenye kompyuta walinuna, na sina ubishi nao.

Hapo ndipo ubishi wa kwetu unapoingia. Jirani zetu wa Singida Black Stars, waliokuwa Ihefu ya Mbarali hadi mwaka 2024, walichagua njia ya kusajili kwa nguvu na kuleta wageni wengi, na msimu wa 2024/25 walimaliza katika nafasi ya nne. Dodoma Jiji ni timu ya halmashauri, kama ilivyo KMC ya Kinondoni na Mbeya City, na fedha ya halmashauri ina wenyewe: ina vikao, ina wakaguzi, na inashindana na zahanati na madawati. Shabiki anayesema Dodoma wafanye kama Singida anapaswa kueleza kwanza kitufe kile cha bajeti atakivuta kutoka wapi. Mimi naamini timu ya aina hii inajengwa kwa ngazi ya mishahara yenye tofauti ndogo, watu wa kati wengi wenye mikataba inayopishana, na nyota mmoja tu anayefahamika kwa kila mtu kwamba ni nyota. Mchezo unaniunga mkono, ingawa nakiri kwamba kompyuta haina wajumbe wa bodi wanaotaka kupiga picha na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana.

Mikataba inayopishana ina ukurasa wake, na ni mzuri sana. Ukurasa wa mpangilio wa kikosi unakuonyesha kila nafasi kwa msimu huu, msimu ujao na ule unaofuata, ukiwa na majina ya wanaobaki na mapengo ya wanaoondoka. Niliufungua siku ya kwanza nikaona kwamba viungo wote wanne wa Richards Bay walikuwa wanamaliza mikataba mwezi mmoja. Nani ana nguvu kwenye mazungumzo ya namna hiyo? Si klabu. Klabu nyingi za daraja la kati hapa nchini zina mazoea ya mikataba ya mwaka mmoja au miwili, na ndiyo maana kila Juni tunasoma orodha ndefu za waliopewa mkono wa kwaheri na kila Agosti tunajifunza majina mapya kumi. Kocha anaanza upya kufundisha jinsi ya kukaba kona. Ningependa kila katibu wa klabu awe na ukurasa kama huo ukutani, hata kama ni wa kuchorwa kwa kalamu ya rangi.

Sasa mapungufu, na haya ndiyo yaliyonifanya nichelewe kutoa hukumu.

Katika mchezo, fedha kubwa inakwenda kwa klabu inayouza, na fedha ya kusaini anayopewa mchezaji ni kitu cha pembeni. Kwetu mara nyingi ni kinyume. Dau analopewa mchezaji mkononi ndilo linalomfanya asaini, kwa kuwa ndilo analojengea nyumba, na mshahara wa mwezi unafuata nyuma. Ukilielewa hilo, ndipo sakata la kiungo Feisal Salum linapoeleweka. Desemba 2022 aliiwekea Yanga shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akidai kuwa ni mchezaji huru. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka nchini, iliamua kwamba bado ni mali ya Yanga, nchi nzima ikawa na la kusema, simulizi kwamba alikuwa akila ugali kwa sukari ikageuka msemo wa mitaani, na Juni 2023 akaenda Azam baada ya klabu kukubaliana. Football Manager haiwezi kuzaa kisa kama hicho. Humo mchezaji hajinunui. Kuna kipengele cha bei ya kumwachia, klabu nyingine inailipa, mambo yanakwisha. Mchezaji asiyefurahi atalalamika, atagoma kusaini mkataba mpya, lakini hatakwenda benki.

Ukitazama hesabu ya milioni 112, utaona pia kwamba kiasi cha kuvunja mkataba kilikuwa mara nyingi ya mshahara wa mwezi, ambao ulikuwa milioni nne. Mtu anayejenga kikosi kwa kufuata mchezo huu atautazama mshahara huo na kusema mchezaji ni rahisi. Atakuwa amekosea kabisa, kwa sababu gharama imejificha kwenye dau, nalo katika mchezo halina uzito linaostahili.

Pungufu la pili ni zito zaidi. Katika klabu niliyoiongoza mshahara uliingia kila mwezi bila kukosa. Bodi ilinilaumu kwa kuzidisha bajeti, ilinikatalia usajili, lakini haikunituma hata mara moja kwenda kuwaambia wachezaji wavumilie hadi wiki ijayo. Mtu yeyote aliyewahi kuishi jirani na mchezaji wa daraja la chini anajua wiki ijayo hiyo ina urefu gani. Nilipanga Nkuhungu nyumba moja na winga wa klabu ambayo sitaitaja, akidai mishahara ambayo hesabu yake ilikuwa inabadilika kila tulipozungumza kwa sababu kila mwezi uliongezeka mwingine. Alikuwa akikimbia mazoezi asubuhi na jioni anakopa vocha. Kwa kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha mkataba, mchezaji anaweza kuiandikia kuipa siku 15, na isipolipa ana haki ya kuvunja mkataba. Na klabu inayoshindwa kulipa deni lililoamuliwa inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Klabu zetu zimewahi kuonja adhabu hiyo ya kufungiwa. Kwa hiyo ujenzi wa kikosi huku kwetu una swali linalotangulia yote: si mchezaji huyu anastahili kiasi gani, bali kiasi gani tunaweza kukilipa tarehe 30 mwezi wa Februari, wakati mechi ya nyumbani dhidi ya Simba au Yanga imeshapita na mlangoni wanaingia watu wachache. (Najua Februari haina tarehe 30, baadhi ya wahasibu wa klabu ndiyo tarehe wanayoipenda.)

Mapato nayo yanastahili maneno machache. Mei 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na hicho ndicho chanzo kilichozipa klabu ndogo uhakika fulani wa kupanga. Katika mchezo fedha ya televisheni inaonekana kwenye ukurasa wa fedha kwa tarehe na kiasi, nami nilipata faida kubwa kwa kuzoea kuisoma: unajua mapema ni miezi gani itakuwa myembamba.

Safari hazimo, au zimo kwa jina tu. Timu inayotoka Dodoma kuifuata Mashujaa Kigoma au Namungo Ruangwa inalala njiani, inakula njiani, inalipa posho, na wachezaji wanashuka kwenye basi miguu imevimba. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi wakati timu ikitoka Ruangwa kucheza na Namungo, na mechi yake iliyofuata dhidi ya Simba ikaahirishwa. Mchezo unahesabu uchovu wa mechi zinazofuatana, nao unajua majeraha ya mazoezini, barabara haijui. Kwa klabu ya kanda ya kati, gharama ya barabara ni sehemu ya bajeti ya kikosi sawasawa na mshahara wa beki, na inaathiri hata idadi ya wachezaji unaopaswa kuwa nao.

Kuhusu ununuzi wenyewe sina mengi. Ukiukuta bado unauzwa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, unaweza kuulipia kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu, ukikumbuka kwamba bei iko kwa dola na ilikuwa dola 59.99 Marekani ulipotoka, kwa hiyo subirini vipindi vya punguzo. Unahitaji Windows ya biti 64, kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 7. Kwa GB 4 utaucheza, lakini chagua ligi chache na ukubali kutazama mechi kwa picha rahisi zinazoonyesha uwanja kutoka juu, bila mbwembwe. Kupakua kunakula bando, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wenye mtandao wa chuo wana nafuu. Ukishauwasha mara ya kwanza, unaweza kucheza bila intaneti, na ukiweka ujihifadhi wenyewe kila wiki ya mchezo, umeme ukikatika hupotezi usajili wako. Kiswahili hakimo, na maandishi ni mengi mno kwa mtu ambaye Kiingereza hakimkai vizuri. Hilo ni tatizo la kweli, kwa kuwa mazungumzo ya mkataba yanategemea kuelewa kila kipengele. Toleo la simu lilitolewa, ila kwa wanaolipia Netflix pekee, na ukurasa wake wa mikataba ulipunguzwa sana hata mengi niliyoyasifu hapa huyapati.

Anayemiliki tayari toleo la 2023 asiharakishe, kwani tofauti zinazogusa usajili ni chache; iliyo ya maana ni mawakala wa kati wanaokusaidia kumtafutia soko mchezaji usiyemtaka, na mchezo uliouanza kwenye la 2023 unaweza kuuendeleza kwenye la 2024. Asiye na lolote kati ya hayo aanze na hili la 2024, achukue klabu ndogo ya Afrika Kusini, na kabla ya kumgusa mchezaji yeyote afungue ukurasa wa mikataba aangalie nani ana kipengele cha kulingana na anayelipwa zaidi.